Vijibomba Viwili Visivyo na Kazi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Iguguno. Baridi, upepo, vumbi. Siku ya pili bila mke.

Niweke mambo sawa hapa, maana huko nje watu wanasimulia vibaya. Sikumfukuza Yunisi. Hatukugombana. Juzi Jumamosi nilimpakia kwenye pikipiki tukaenda harusini. Asubuhi yake nilikuwa nimeifanyia injini maboresho. Pale kati ya kabureta na injini palikuwa na mirija miwili ya mpira inayokwenda kwenye kikopo fulani pembeni. Kikopo hakina kazi. Nilikitazama nusu saa nzima na hakikufanya chochote. Nikang'oa kikopo, nikang'oa mirija. Vikabaki vijibomba viwili vifupi vya chuma, vimeachama kama vifaranga. Pikipiki ikawa nyepesi, ikapendeza.

Tukafika kanisani, nikaachia mkono wa mafuta. Pikipiki haikuachia. Ilinguruma yenyewe, ikakohoa, ikapiga baruti mbili. Tukawapita maharusi. Tukawapita wapiga picha. Tukaingia shamba la alizeti la mchungaji mpaka katikati. Klachi niliisahau, nakiri. Mtu hawezi kukumbuka kila kitu. Yunisi alikuwa na kitenge kipya. Alijikung'uta, akatembea hadi barabarani, akasimamisha basi. Yuko kwa mama yake, Ihanja.

Leo ujumbe umefika. Jumapili wazee wa kwao wanakaa. Nimfuate kwa pikipiki ileile, isimame mlangoni ikiwaka, na itulie kama pikipiki ya watu. Isipotulia, nirudi peke yangu.

Itatulia!

Jumanne, 10 Juni

Kijiweni. Manase, yule wa duka la spea, aliinama pembeni ya injini yangu bila kuitwa. Akasikiliza. Akanyanyuka akawaeleza wote kwamba injini inanyonya hewa kupitia vile vijibomba viwili, hewa inazidi mafuta, ndiyo maana inapayuka na kuchemka. Dawa yake ni vikofia viwili vya mpira. Akavitoa kwenye kopo, vidogo kama ncha ya kidole. Akasema mtu mwenye akili zake haachi tundu wazi. Kijiwe kizima kikacheka.

Kununua kwa Manase? Mimi Sostenes? Hata anipe bure na soda juu!

Tundu ni tundu. Linazibwa na chochote. Nimetafuna bigijii kumi na mbili kwa mpigo, taya linauma hadi sasa. Nikabandika. Injini ikatulia dakika nne. Kisha bigijii ikalainika kwa joto, ikanyonywa ndani yote. Moshi mweupe. Harufu ya ndizi mbivu barabara nzima. Abiria mmoja alishuka kabla hatujaondoka.

Jumatano, 11 Juni

Nta! Nilikuwa nimelala na jibu kichwani. Jirani yangu mrina asali amenipa donge kubwa. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi kali, nta ngumu kama jiwe. Nikaikanda, nikaziba. Nikawasha. Ikatulia, tu-tu-tu-tu, unaweza kuongea na simu pembeni yake. Nikaipeleka kijiweni, nikaiacha ikiwaka mbele ya duka la Manase, nikatoa maneno machache kuhusu watu wanaodhani elimu inauzwa kwenye makopo.

Maneno yakawa marefu kidogo. Jua likapanda. Nta ikaanza kuyeyuka, ikatiririka juu ya injini ya moto, ikanukia vizuri sana. Kumbe jirani yule hakuichuja sawasawa, ilikuwa na asali ndani. Nyuki wakasikia habari. Madereva wakakimbia. Mama wa chapati akakimbia na unga wake. Mimi nimeumwa sikio na kope, nikamalizia hotuba nikiwa ndani ya choo cha sokoni.

Hata hivyo Manase alifunga duka mchana kutwa. Naandika kwa jicho moja: ushindi.

Alhamisi, 12 Juni

Simu. Mama mkwe! Nikasimama kabla sijapokea. Shikamoo mama. Akaitikia, akauliza hali, akauliza baridi, akauliza alizeti. Akasema Jumamosi atakuwa Singida Mjini kliniki ya macho. Kwa kuwa nakuja Ihanja, nimpitie twende pamoja. Nikajibu ndiyo mama. Kwa mkwe huwa sina jibu jingine.

Baadaye ndiyo nikakaa chini. Kwao mkwe wa kike hagusani na mume wa binti yake. Mkono hampeani. Kwenye benchi mnaachiana nafasi ya mtu wa tatu. Sasa nitampakia vipi mgongoni kwangu, njia yote ile? Nikikataa, nimemdharau. Nikimpakia, wazee wa Jumapili watakuwa na jambo la pili la kuzungumza.

Nimekosa usingizi wa mchana. Nyumba kimya. Sufuria ninaosha mwenyewe. Sitamwambia mtu, ila nimemkosa sana Yunisi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata. Gunia! Nitajaza gunia mashudu ya alizeti, nilisimamishe kwenye siti katikati yetu. Mimi mbele, heshima katikati, mkwe nyuma. Hakuna mzee atakayepata pa kuanzia.

Gunia lazima lifungwe. Nina tyubu moja kuukuu. Nimekata mpira mrefu wa kufungia gunia. Kipande kilichobaki kimetosha kijibomba kimoja tu: nimekivika, nikakikaza kwa waya. Safi. Kijibomba cha pili nimekipachika kipande cha bua la alizeti. Ndani lina sponji yake nyeupe, linajaza tundu vizuri. Manase alipita akatazama lile bua, akatikisa kichwa, akaenda zake. Ameishiwa.

Jumamosi, 14 Juni

Ihanja. Naandikia chumba cha wageni. Mikono inanuka petroli.

Nilimkuta mama mkwe nje ya kliniki na miwani mipya. Nikamsalimu kwa kuinama, mbali. Akalitazama gunia. Akapanda, akashika kerea, kile chuma cha mizigo nyuma ya siti. Tukatoka mjini vizuri kabisa. Injini imetulia, mashudu yananukia, mimi kifua mbele.

Kwenye mwinuko bua likapasuka. Pikipiki ikapayuka. Nikaminya klachi, nimejifunza hilo, ikapayuka zaidi. Ikapiga baruti. Ikazima. Nikawasha, ikawaka, ikazima. Mara kumi na moja.

Nikamweleza mkwe kwamba injini inapumzika. Nikajaribu soksi. Nikajaribu udongo na mate. Nikajaribu kupaziba kwa kidole huku nikiendesha kwa mkono mmoja, nikaungua. Mpira pekee uliokuwapo ni ule uliofunga gunia. Niufungue, gunia lianguke, kisha nini kitakaa kati yangu na mkwe? Nikamwomba yeye akae juu, mimi nisukume mpaka Ihanja. Nikasukuma. Nikafika kwenye mti wa tatu.

Mama mkwe akashuka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Baba," akasema, "gunia hili ni la heshima, nimeliona, na ninakushukuru. Lakini binti yangu anasubiri pikipiki, hasubiri gunia."

Akafungua mpira mwenyewe. Gunia likaanguka, mashudu yakamwagika, mbuzi wakaja wakala heshima yangu yote. Akaomba kisu. Akakata ukanda mwembamba, akaukunja mara mbili mdomoni pa kijibomba, akauzungushia uzi alioung'oa kwenye pindo la kitenge chake, akavuta kwa meno, akafunga. Alifunga kama anavyofunga siku zote chupa za mafuta ya alizeti wanayokamua nyumbani kwake.

Nikawasha. Tu-tu-tu-tu.

Nafasi katikati yetu ikabaki. Alikaa nyuma kabisa kwenye kerea, akanipa mgongo, akitazama tulikotoka. Hivyo ndivyo tulivyoingia Ihanja: mimi naangalia mbele, mkwe anawapungia watu ambao tumeshawapita. Kijiji kizima kilisimama.

Nimetafakari. Kisu kilikuwa changu. Wazo la tyubu lilikuwa langu. Yeye alisaidia kufunga uzi.

Jumapili, 15 Juni

Wazee wamekaa baada ya ibada. Pikipiki imewekwa mlangoni ikiwaka. Nimesimama, jasho linatoka kwenye baridi yote hii. Robo saa. Haikupayuka, haikukohoa. Mzee mmoja akasinzia kwa utulivu wake. Nilikuwa karibu kulia, na naandika hapa tu.

Yunisi akatoka ndani. Akainama, akauona ule uzi wa kitenge. Akauliza nani ameziba. Nikasema tumeziba. Mama mkwe akaendelea kuchambua mchele, hakuinua kichwa.

"Nitarudi, Sostenes," Yunisi akasema. "Ila injini hiyo usiiguse tena. Apa mbele ya wazee."

Nimeapa! Kwa sauti! Wakati wakiomba sala ya kufunga nilikwenda nyuma ya nyumba kunyoosha miguu.

Jumatatu, 16 Juni

Iguguno. Mke nyumbani. Amepika ugali na mlenda, nimekula mara mbili. Pikipiki iko kwenye kivuli, sijaigusa. Mimi ni mtu wa kiapo.

Saa nne mama mkwe amempigia Yunisi. Nyuma ya nyumba yao kuna mashine ya dizeli ya kukamua alizeti, na msimu huu foleni ya magunia inafika barabarani. Leo wameiwasha, dizeli ikamwagika yote chini na mashine ikazima. Fundi anasema kuna kijibomba chembamba kimepotea. Yunisi ameniuliza kama nilipita karibu na mashine.

Nimejibu kitaalamu. Nimemweleza kwamba kile kijibomba kilikuwa kinarudisha dizeli kwenye tangi. Dizeli inatoka tangini, inazunguka, inarudi tangini ilikotoka! Hiyo ni kazi gani? Nilitaka kumlipa mama fadhila zake. Tena kiapo kilihusu pikipiki, na mashine ya alizeti haikutajwa na mzee yeyote. Nimemtolea kijibomba mfukoni ajionee mwenyewe kilivyo chembamba.

Amekitazama. Hakubishana, maana hoja ilikuwa nzito. Ameingia chumbani, na hapa nilipokaa namwona anakunja vitenge vyake kimoja kimoja na kuvipanga kwenye begi. Nyumba ilikuwa imekosa mpangilio wiki nzima. Nashukuru amerudi.