Mbavu za Siku Tatu

Alhamisi, 6 Machi
Nimenunua mbavu za nguruwe, kilo tatu. Jumapili ukoo wa mke wangu unakula kwetu, na safari hii nachoma mimi! Miaka minne koleo la kugeuzia nyama limeshikwa na shemeji, fundi wa kuchomelea vyuma, utadhani alizaliwa nalo. Mama mkwe akiridhika, koleo ni langu. Kasema mwenyewe.

Muuza nyama kanipa siri: papai bichi la kusaga hulainisha nyama. Saa moja tu, akasisitiza. Saa moja! Haraka haraka haina baraka. Kama saa moja inalainisha, siku tatu zitafanya muujiza. Mapapai mawili, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu. Beseni zima. Nimejipongeza.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kafunua beseni, kauliza mbona nyama inateleza. Wivu wa jikoni. Nimeongeza papai la tatu.

Shemeji kapiga simu, eti aje mapema anisaidie moto. Nimemjibu aje na tumbo tu.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kang'olewa magego mawili leo. Mke wangu anataka tuahirishe. Thubutu! Mbavu zimeiva kwa kulowekwa tu, naziona.

Jumapili, 9 Machi
Nimeziweka kwenye wavu. Nyama ikapita katikati ya nyaya, puu, mkaani! Ubavu wa kwanza ulitoka mfupa mtupu, mweupe pe. Iliyobaki nimeiokoa kwa sufuria na upawa. Shemeji kauliza mbele ya watu wote kama uji huu unaliwa kwa sukari au chumvi. Walicheka hadi machozi. Niliona aibu, nikaliona koleo likiondoka.

Ndipo mama mkwe, shavu limevimba, akaonja kijiko. Cha pili. Akamaliza sahani, akaomba nyingine. Akatangaza kwamba katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyeyafikiria meno yake. Akanikabidhi koleo! Shemeji akawa anaangalia viatu vyake.

Bila shaka nilikuwa nimeyafikiria tangu Alhamisi.

Jumatatu, 10 Machi
Koleo nimelitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi. Jumapili ijayo nachoma samaki. Tayari wamo kwenye beseni, siku sita kamili. Mke wangu kanikumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mimi maji situmii. Natumia papai.