Ukuta wa Darasa la Kwanza A

Jumatatu, 3 Machi
Ulimwengu na ujue: leo saa mbili na dakika kumi asubuhi, ukuta wa Darasa la Kwanza A umepokea chati ya kumi na nne. Hakuna aliyepiga makofi. Wanafunzi walikuwa wananoa penseli.

Mkaguzi anakuja Alhamisi kutazama kuta. Mwalimu mkuu ameniambia nikiboronga tena, ananihamishia darasa la saba. Miaka kumi na tisa na watoto wadogo, leo nikafundishe watu wenye ndevu! Sitoki.

Jumanne, 4 Machi
Nimemchungulia jirani yangu, mwalimu wa Kwanza B. Picha nne tu! Tena chini kabisa, usawa wa madawati. Nimemwonea huruma, nikamuuliza kama ameishiwa karatasi. Akaja kwangu, akainua shingo, akauliza, "Kaka, humu unafundisha twiga?"

Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima ngazi kwa fundi wa shule. Chati zote nimezipandisha juu zaidi, mkaguzi azione tangu mlangoni. Gundi iliisha, nikapika ya unga. Mke wangu alililia sufuria yake, kisha akasema ule ni uji, tena mwepesi hata mgonjwa angeukataa. Yeye anajua nini kuhusu ualimu?

Alhamisi, 6 Machi
Ushindi! Mkaguzi amesifu "mpangilio unaojali kimo cha mtoto". Nabaki na wadogo zangu! Nimemweleza kuwa ni utafiti wangu wa miaka mingi. Jirani alishikwa na kikohozi.

Ijumaa, 7 Machi
Haya, humu hanisomi mtu, niseme kweli. Jana, mkaguzi akiwa bado ofisini, chati ziliporomoka zote. Nikatoka mbio kufuata ngazi. Kurudi, namkuta mkaguzi amechutama katikati ya watoto! Walikuwa wameziegemeza chati ukutani, wanazisoma kwa vidole. Yule binti tunayemwita Bi Kimya, ambaye tangu shule ifunguliwe hajanisomea hata herufi, kidole chake kilikuwa chini ya picha. "Ku-ku," akasoma. Akanigeukia. "Mwalimu, kumbe hapa paliandikwa kuku!"

Machozi yalinilengalenga. Siku zote hizo alikuwa haoni tu, jamani.

Basi, somo limeniingia: gundi ya unga haifai. Jumatatu nanunua ya maseremala, nazirudisha zote kulekule juu. Halafu nimetazama vizuri. Dari yote iko tupu!