Besi Mmoja wa Majilio

Jumapili, 15 Novemba 2020
Balaa! Kamati ya kanisa imeamua: ibada ya nyimbo za Majilio mwaka huu waimbaji ni wanne tu, kila sauti mtu mmoja, mita tatu kati ya mtu na mwenzake. Wengine wote watatazama mtandaoni. Korona hii! Besi tuko wawili, mimi na Masumbuko. Mwalimu wetu wa kwaya, Kokushubila, atachagua Jumanne.

Masumbuko anajua nota. Mimi nina sauti. Niandike ukweli, hakuna anayesoma humu: nota sizijui. Nyumbani tuliimba kwa sol-fa, do re mi zilizoandikwa kwa herufi. Hizi nyimbo za Kiingereza ni vidoti juu ya mistari mitano, na miaka mitatu nimesimama bega kwa bega na Masumbuko, namsikiliza, namfuata nyuma kidogo. Akifunua ukurasa, nafunua. Mwalimu hunisifu eti naimba kwa utulivu.

Jumanne, 17 Novemba
Nimempigia Mwalimu asubuhi na mapema. Nikamkumbusha, kwa upole tu, kwamba Masumbuko anahudumia wazee kwenye makao yao kule Liverpool, mtaa wa hapa hapa mjini kwetu. Nikasema nawahurumia wale wazee, wasije wakaletewa korona kutoka kwaya. Akasema nafasi ni yangu. Nimeshinda! Mke wangu Atupele kauliza mbona nacheka peke yangu jikoni. Nimemwambia ni furaha ya Majilio.

Alhamisi, 19 Novemba
Masumbuko hakulalamika. Afadhali angenitukana! Kaniletea kitabu chake chenye alama za penseli, akanigongea kiwiko, akanitakia baraka. Halafu akasema mama yake yuko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hawajaonana miaka kumi na moja, na alishamwahidi mama kwamba atamwona mwanawe akiimba. Jirani mwenye simu nzuri alishaombwa. Basi, atamwambia asubiri Krismasi. Ugali wa jioni nimeuacha mezani.

Jumapili, 22 Novemba
Mazoezi. Mita tatu! Simsikii mtu. Aliyesikika kidogo ni Goreth, sauti ya pili, nikaidandia sauti yake na kuishusha chini. Mwalimu akatusimamisha wote, akauliza mbona besi anaimba sauti ya wanawake. Nikasingizia barakoa. Akasema barakoa nimeivaa kidevuni.

Jumanne, 24 Novemba
Mpango! Nimemwomba Masumbuko anirekodie besi nzima kwenye simu. Nikamwambia nataka sauti yake iwe nami siku ile. Maskini ya Mungu, kafurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Karekodi ndani ya gari, baada ya zamu, nyimbo saba bila kosa hata moja. Nimesikiliza nikaona aibu. Kisha nimenunua kile kifaa kidogo cha kuweka sikioni.

Jumapili, 29 Novemba
Huku kusini mwa dunia Novemba ni joto: nje nyuzi arobaini, sisi tunaimba theluji. Kifaa sikioni. Wimbo wa kwanza, salama salimini. Wa pili Mwalimu akapunguza mwendo, sijui kwa ajili ya joto. Masumbuko wa sikioni hakupunguza! Nikamfuata, ningefanyaje? Nikafika Amina peke yangu, kwa sauti kubwa, wenzangu wamebaki ukurasa mzima nyuma. Na kanisa tupu lilivyovuma! Nyimbo zilizobaki nilifungua mdomo tu, kama samaki.

Masumbuko kanipigia. Kumbe mama yake alitazama hata hivyo. Masumbuko alimwambia asikilize besi, kwa kuwa ni yeye mwenyewe aliyenifundisha. Mama kauliza huyo mwanafunzi alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Masumbuko alicheka. Mimi nimelia bafuni.

Jumatano, 2 Desemba
Nimekwenda Toongabbie, nyumbani kwa Masumbuko, kuungama. Nilidhamiria kabisa. Kanipokea kwa chai na maandazi, akaniita kaka. Akasema Mwalimu amempa yeye nafasi ya Krismasi, na mama yake ameshaambiwa. Nikamwambia nina jambo zito, kuna mtu alimchongea kwa Mwalimu. Akaweka kikombe chini, akauliza nani. Alinitazama kwa upendo, jamani! Mdomo ukasema Goreth.

Jumamosi, 5 Desemba
Masumbuko kamwandikia Mwalimu: hawezi kusimama madhabahuni na mtu aliyemchongea. Krismasi haimbi. Mama yake ameambiwa tena asubiri, safari hii bila kutajiwa siku. Goreth analia, kosa lake halijui. Atupele anasema nimepauka. Roho inaniuma, si mchezo. Mtu mwema vile, na mama mtu mzima, yote kwa sababu yangu.

Lakini nimeona njia! Kesho baada ya ibada nitamvuta Goreth pembeni nimwambie kwamba aliyemsingizia kuwa alimchongea Masumbuko ni Mwalimu Kokushubila. Kisha nitamwambia Masumbuko vivyo hivyo, kwamba jina la Goreth nililipata kwa Mwalimu. Watamchukia Mwalimu pamoja, watapatana, na mama atamsikia mwanawe. Sikujua kama Mungu amenijalia karama ya kupatanisha watu.