Mwaliko wa Tatu Usiokuja

Njooni, enyi mliokaa na mliosimama, mnaomenya viazi na mnaokunja nguo, sogezeni viti mnipe masikio yenu. Leo sina habari za majemadari, wala za ngome zilizozingirwa miaka kumi. Nina kubwa kuliko hizo: habari ya binti mmoja wa Nyholm, mji mdogo wa Minnesota, aliyethubutu mchana kweupe, kwa sauti yake mwenyewe, kusema kwamba anataka kwenda Chicago majira ya machipuko.

Jina lake Solveig, wa ukoo wa Tollefsrud, Binti wa Mashavu Mekundu, Mgonga Mihuri wa Maktaba ya Nyholm, Mkimbia Simu, Aombaye Radhi Milango Akijigonga Nayo. Umri wake miaka ishirini na minne. Chuoni aliandika kurasa arobaini juu ya ushujaa katika barua za wahamiaji wa kale, akapewa alama za juu kabisa. Na siku ya kwenda kuzichukua kurasa hizo ofisini kwa mwalimu, shujaa wetu alijibanza nyuma ya mashine ya soda mpaka mwalimu alipotoka kwenda kula.

Aliishi na bibi yake, Arlys, mama wa baba yake, mwenye miaka themanini na mmoja na birika la kahawa lisilopoa. Na Arlys alikuwa na dada mkubwa, Verna, aliyekwenda Chicago akiwa msichana na kukaa huko miaka sitini na mitatu, katika nyumba ya ghorofa ya tisa yenye dirisha linalotazama ziwa. Kwa miaka sita dada hao hawakuwa wameonana, ila kila Jumapili baada ya kanisa walisikizana kwenye simu ya ukutani, jikoni.

Sasa, watu wa nchi ile wana sheria moja isiyoandikwa popote na isiyovunjwa na yeyote. Mtu akikupa kitu, unakataa. Akikupa tena, unakataa, ila kwa sauti laini zaidi. Akikupa mara ya tatu, unashusha pumzi kama mtu aliyeshindwa vita, unasema, "Haya basi, kama si usumbufu." Kwa sheria hiyo kahawa hunywewa, posa hukubaliwa, na magari yaliyokwama thelujini husukumwa. Kukubali mara ya kwanza ni ulafi. Kuomba kabla ya kupewa, hilo hawana hata jina lake.

Ikawa Jumapili moja ya Januari, Verna akasema, "Njooni Aprili. Maua ya tulipu yanakuwa yamejaa barabarani, ziwa limeacha kuganda, na chumba cha wageni kipo tu."

"Aa, tutakuletea fujo bure," akajibu Arlys, uso ukimng'aa kama taa.

Hiyo ikawa mara ya kwanza.

"Fujo gani, Arlys? Njooni bwana. Mwisho wa Mei nahamia Arizona kwa mwanangu Dale, nyumba naiacha. Dirisha hili hutaliona tena."

"Una mambo mengi wewe, dada. Kuhama si mchezo. Tutaona tu."

Hiyo ikawa ya pili. Arlys akatundika simu, akasugua viganja vyake.

"Tunakwenda," akamwambia mjukuu wake. "Bado mara moja."

Ndipo likaketi baraza la vita kwenye meza ya jikoni. Ramani ikatandazwa, ikakandamizwa pembe nne kwa vikombe. Solveig, ambaye kwenye karatasi haogopi kitu, akapanga majeshi: Duane Hokanson, jirani, angewapeleka kwa gari mpaka stesheni ya St. Paul, garimoshi lingewachukua asubuhi, siku ya kwanza wangekaa dirishani kwa Verna, wasifanye lolote, siku ya pili wangekwenda jumba la makumbusho ya picha, lakini kwenye vyumba vyenye viti tu, siku ya tatu wangekula ile piza ya Chicago iliyo nene kama godoro. Likaja suala la makoti, na hapo damu nusura imwagike, kwa maana Solveig alishikilia kwamba Aprili ni machipuko, na Arlys alishikilia kwamba Aprili ni Februari iliyojifunga kilemba. Wakapatana kwa makoti manne.

Zaidi ya hayo, Arlys alinunua viatu. Vilikuwa vyeupe, vya kamba, vyenye soli nene. "Chicago mtu anatembea," alisema. Na kwa kuwa nje kulikuwa na barafu tupu, akaanza kuvizoeza chini, kwenye ghala la nyumba. Kila siku saa kumi alasiri alishuka ngazi, akalizunguka tanuri la kupashia nyumba joto na friji ya nyama mara ishirini, na Solveig akirudi kazini alizisikia hatua chini ya sakafu, tap, tap, tap, kama jeshi la mtu mmoja linalojiandaa kuuteka mji.

Jumapili iliyofuata, Verna alizungumzia makasha. Jumapili ya tatu, goti la Dale. Arlys alitega chambo kwa ustadi wa miaka themanini: "Huku Aprili huwa hakuna la kufanya kabisa."

"Kweli," akasema Verna. "Utapumzika."

Na Jumapili ya nne ikaja sauti ya Verna, polepole kuliko kawaida: "Nimeelewa, mdogo wangu. Kama hamwezi, hamwezi. Hicho chumba nimeshaanza kukijaza makasha."

"Vizuri," akasema Arlys. "Vizuri sana." Akatundika simu, akachukua kitambaa, akaifuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Amesahau," akasema. "Miaka yote hiyo mjini. Huko mtu akiulizwa anajibu, basi."

"Si tumwambie, Bibi?"

"Tumwambie nini?"

"Kwamba tunataka."

Arlys alimtazama kama aliyeambiwa waende kanisani bila nguo. "Solveig. Mtu hajialiki. Halafu nani kakwambia nataka? Mji wenyewe makelele matupu."

Lakini kesho yake, saa kumi kamili, hatua zilisikika chini ya sakafu. Na keshokutwa. Hakuna aliyekuwa akienda popote, na viatu bado vilikuwa vinazoezwa. Solveig alisimama jikoni na koti lake halijavuliwa, akihesabu mizunguko, na ilipofika ishirini, ikaanza tena moja. Moyo wake, ambao haukuumbwa kwa vita, ukauma.

Shambulio la kwanza lilifanywa kwa njia ya posta. Solveig alituma kadi yenye picha ya kulungu, na nyuma yake, baada ya salamu kumi na mbili, akapenyeza mkuki: *Nimesikia garimoshi la tarehe kumi na saba Aprili lina viti vingi vitupu.* Siku tano baadaye jibu likafika: *Afadhali, abiria watajinyoosha miguu. Nakubusu, Verna.* Mkuki ukaanguka bila kugusa ngao.

Ndipo akaja Duane Hokanson, Bwana wa Koleo, kuwaondolea theluji mlangoni, na alipomaliza akaanza kuaga, jambo ambalo nchini kwao huchukua nusu saa.

"Mpigie wewe," akasema, mkono kwenye kitasa.

"Mimi?"

"Kwani simu inauma?"

"Duane, mimi nikiagiza piza hapo mtaani naandika maneno kwanza."

"Si uandike, basi."

"Wewe ungeweza?"

"Mimi? Thubutu! Mwaka ule Gordon wa jirani alichukua ngazi yangu, akaniuliza kama naitaka, nikamwambia aa, kaa nayo tu. Akaniuliza tena, nikamwambia wala usijali. Hakuuliza tena, mwehu yule. Mwaka wa kumi na moja huu napanda juu ya ndoo." Akavaa kofia, akaivua. "Bibi yako hana miaka kumi na moja ya kupanda ndoo. Haya, mimi naenda." Akakaa dakika kumi zaidi.

Basi Solveig akaandika hotuba yake. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi: *Bibi Verna, kama una nafasi, na kama si usumbufu, na kama chumba bado kipo, na kama hujali, na kama nimekosea unisamehe.* Akazihesabu "kama" zake, akaona aibu hata mbele ya karatasi. Akazikata moja baada ya moja, na kila aliyoikata ilimtoka kama jino. Mficha uchi hazai, walinena wahenga. Na Solveig, akilikumbuka neno hilo, akawa mwekundu mpaka shingoni, maana hata methali alizionea haya.

Alhamisi, tarehe ishirini na sita Februari, saa kumi na dakika tano alasiri, hatua zikisikika chini ya sakafu, alisimama mbele ya simu ya ukutani kama asimamaye mbele ya lango la adui. Akainua mkono. Akaushusha. Akanywa maji. Akainua tena, akayaita majina ya mababu: "Enyi Tollefsrud wa zamani, mliovuka bahari ya barafu na sanduku moja la mbao, nipeni nguvu!" Kisha akawaza kwamba pengine hata wao walikaa bandarini kule Norway mpaka Amerika ilipowaita mara ya tatu. Mababu wasingemfaa. Akapiga mwenyewe.

"Haloo?"

"Bibi Verna, ni Solveig. Shikamoo. Huku theluji imeanguka."

"Marahaba. Huku pia."

"Inchi sita."

"Huku nne."

"Na upepo."

"Solveig," akasema Verna, "kuna aliyekufa?"

"Hapana!"

"Sasa mbona umepiga simu? Wewe hupigi simu."

Hapo shujaa akaitazama karatasi, na karatasi ikamteleza mkononi, ikaanguka nyuma ya jiko. Silaha ikawa imepotea, adui yuko langoni, na chini ya sakafu, tap, tap, tap.

"Tunataka kuja," akasema.

Huko Chicago, Verna akahamishia simu kwenye sikio la pili.

"Umesemaje?"

"Tunataka kuja Aprili. Bibi anataka. Anataka kukaa dirishani kwako kabla hujahama. Amenunua viatu, Bibi Verna. Kila siku yuko chini huko anazunguka tanuri, anajizoeza kutembea Chicago, halafu anasema hataki kwenda." Hapo "kama" moja iliyokuwa imesalimika ikampanda kooni, ikafika ulimini, ikagonga meno. Solveig akaibana kwa meno, akaimeza nzima nzima.

Akasikia upande wa pili mtu akivuta kiti na kukaa.

"Mimi nilidhani amenikasirikia," akasema Verna, na sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Kwa vile nahama mbali. Nikasema, huyu ameniwekea kinyongo, hataki hata kuja kuniaga. Nimemwita mara mbili nzima!"

"Ni mara tatu, Bibi Verna."

"Nini mara tatu?"

"Huku... ni mara tatu."

 Kisha kikapasuka kicheko, kikubwa, chenye kikohozi ndani yake, na pengine na machozi. "Yesu wangu! Mara tatu! Mama angekuwa hai angenitandika mwiko. Niitie huyo mtu!"

Arlys alipanda ngazi akihema, viatu vyeupe miguuni, akakuta mjukuu wake amemnyooshea simu kwa mikono miwili. Alijua papo hapo. "Umefanya nini, wewe mtoto?" akanong'ona, lakini Verna alikuwa anasikika jikoni kote.

"Arlys! Njooni tarehe kumi na saba! Hii ya tatu, umesikia? Na makasha nayatoa sasa hivi!"

"Aa, lakini dada, wewe una—" Mdomo ulianza wenyewe, maana ulikuwa na mazoea ya miaka themanini na mmoja.

 Maneno ya Solveig ya mwaka mzima yalikuwa yamekwisha. Aliushika tu mkono wa bibi yake, ule ulioshika simu, akaukaza kwa nguvu ambazo hakujua anazo.

 Arlys akatazama chini, kwenye viatu.

"Haya basi," akasema, "kama si..."  Akaanza upya, polepole, kama mtu anayejaribu lugha ya kigeni. "Nataka kuja, Verna. Nataka sana."

Na iandikwe, enyi mlioniazima masikio, ipigwe mhuri na iwekwe rafuni: siku hiyo, saa kumi na dakika kumi na nne, watu wawili wa nyumba moja mjini Nyholm walisema wanachokitaka, na paa halikuanguka. Arlys aliivuta kalenda, akaiacha penseli ambayo kwayo mipango yote ya nyumba ile huandikwa, akachukua kalamu ya wino. Solveig naye akafungua dirisha, baridi ikaingia yote, akampigia ukelele Duane aliyekuwa anapita barabarani na koleo lake. Yeye ambaye tangu azaliwe hakuwa amempigia mtu ukelele.

"Tunakwenda!"

Duane Hokanson akasimama katikati ya theluji. Akaliegemea koleo, akalifikiria jambo lile kwa uzito wake wote.

"Si mbaya," akasema.

Na katika nchi ile neno hilo halitolewi ovyo. Hutolewa kwa mavuno yaliyofurika maghala, na kwa watoto waliozaliwa salama.