Tengeneza, Lakini Si Sana

Karakanani,
Jumatano, kabla ya wateja.

Kwa Mheshimiwa Dada Mkubwa,
Mwenyekiti wa Ukoo na Mtunza Funguo za Nyumba ya Mama.

YAH: MALALAMIKO RASMI DHIDI YA BINTI YAKO, NA OMBI KWAMBA ABAKI HUKO HUKO ALIKO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini goti lako linaendelea vizuri na shemeji ameacha kulitolea ushauri. Mimi ni mzima wa afya, ila nimeudhika. Nimeona nikuandikie kirasmi kwa sababu tukizungumza kwa simu unanikatiza na kuniita "mtoto wewe", nami nina mvi kichwa kizima.

Kama unavyojua, maana yuko kwako na pengine sasa hivi anakula mbele yako, binti yako aliondoka hapa Ijumaa na mfuko wake wa nguo. Alisema harudi. Hakufoka wala hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nami nasema vyema, asirudi. Ulinipa mpwa wangu huyo nimfundishe ufundi wa redio ili mikono yangu ikichoka karakana isife, kwa kuwa mimi Mungu hakunijalia mtoto. Hayo ndiyo tuliyokubaliana, wewe na mimi, mbele ya shemeji. Sasa sikiliza yaliyotokea.

1. Kwanza, kazi. Kibao chetu cha mlangoni kimeandikwa TUNATENGENEZA. Binti yako anaharibu. Simsingizii, nina macho. Anachukua vitu vilivyokwisha kufa zamani na heshima zao, gemu za kuchezea kwenye runinga, mashine za kupokea simu, mwanasesere mmoja aliyekuwa akisema "nina njaa", anavichomoa chipu na kuziunganisha ndani ya kisanduku cha bati chenye vitufe vya kuzungusha na swichi moja kubwa juu. Kisanduku hicho anakiita kikanyagio. Mpiga gita anachomeka waya wa gita upande huu na waya wa spika upande ule, anakikanyaga kwa mguu, na gita lake zuri linaanza kulia kama gemu iliyomwagiwa chai. Halafu anashukuru!

Siku moja nilimkuta akichokonoa kinanda cha kuchezea watoto, kinakwaruza mpaka meno yananiuma. Nikamwambia kwa upole kwamba hicho kimeshaharibika, akitupe. Akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Bado, mjomba. Hakijaharibika vizuri." Dada, maneno hayo yamekataa kutoka masikioni mwangu. Mama alitufundisha kwamba kubomoa ni rahisi kuliko kujenga. Binti yako anabomoa kwa bidii ambayo sijaiona kwa watu wanaojenga.

2. Pili, nyumba. Humu ndani hakuna tena sauti inayoaminika. Friji ilianza kupiga kelele za ajabu, nikamwita fundi wa mafriji, akaivuta, akaifungua mgongo, kumbe friji ni nzima na inayolia ni gita chumba cha pili. Mabomba nayo yakaanza kukoroma, nikamwita fundi bomba. Huyo alipoambiwa kwamba kinachokoroma si bomba, aliweka spana chini, akakaa kusikiliza mpaka chai ya jioni, na kikombe nikampa mimi. Mara ngapi nimeinua simu nikasema "haloo" kwa kisanduku! Na siku ile uliyonipigia na sikupokea, ukaniambia nina kiburi, ukamwambia na shemeji, haikuwa kiburi. Nilikuwa nimekaa pembeni ya simu nikipaza sauti: "Punguza hiyo, binti!"

3. Tatu, majirani wameambukizwa. Fundi cherehani wa mlango wa pili alikuwa mtu wa akili zake. Sasa cherehani chake kinalia kwekwe-kwekwe na hataki kukitia mafuta, kwa sababu binti yako alikuja na maikrofoni akamwambia sauti hiyo haipatikani kokote. Maskini anashona taratibu ili isiishe. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mwalimu mstaafu, mteja wangu wa tangu ujana, aliniletea redio yake inayochuruzika mikwaruzo. Akaiweka juu ya meza, akaitazama, akanitazama, akasema, "Fundi, tengeneza, lakini si sana."

Mimi hiyo "si sana" sijui inapimwaje. Nilimtengenezea yote. Baada ya siku kadhaa aliirudisha akilalamika kwamba sasa inasikika kama redio ya mtu mwingine.

4. Hili lilihusu vikombe vichafu. Nimekumbuka kwamba vikombe alikuwa akiosha yeye. Nalifuta, ila nambari naiacha, kwa sababu barua rasmi haiwi na pengo.

5. Wapiga gita wanakuja mlangoni kwangu, wananikuta nimesimama na koti langu la kazi na chuma cha lehemu mkononi, wananiuliza, "Shikamoo mzee, fundi yupo?"

6. Sasa nafika kwenye kiini, na naomba ukae.

Kulikuwa na kisanduku kimoja alichokuwa akikiandaa kwa ajili ya mpiga gita mrefu mwenye miwani myeusi, ambaye alikihitaji Jumamosi kwa onyesho la bendi yake. Kisanduku hicho ndicho kilichokuwa kibovu kuliko vyote. Kitufe chake cha tatu ukikizungusha mpaka mwisho, sauti inafanya krrr, kisha tii, kisha inakuwa kama mtu anayetaka kusema neno halafu anaghairi, anarudi mwanzo. Binti yako alikuwa akikipiga hicho kila siku, akikisikiliza amefumba macho. Nikamwonea huruma. Nikasema, masikini, binti wa watu amekwama, anaona haya kuniuliza.

Alhamisi alikwenda kununua waya. Nikakifungua. Dada, ndani mlikuwa na aibu tupu! Kapasita moja, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, imechoka, imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Lehemu imeshika upande mmoja tu. Chipu ya yule mwanasesere inapata umeme nusu, ndiyo maana hata njaa yake hawezi kuitamka. Nikaweka kapasita mpya, ile iliyochoka nikaitupa. Nikalehemu upya, nikaipa chipu umeme kamili, nikapangusa kwa spiriti. Kisanduku kikawa kizima. Ukichomeka gita upande huu, upande ule linatoka gita lile lile. Ilikuwa kazi safi, sijui kama nimewahi kufanya safi kuliko hiyo. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Mimi sikuwa na pa kwenda, nikakaa kwenye kigoda kungoja shukrani.

Ijumaa mwenye miwani akaja kukichukua. Akachomeka, akakikanyaga. Gita. Akakikanyaga tena. Gita. Akakikanyaga kama anaua mende, gita, tena tamu ajabu. Akauliza sauti imekwenda wapi. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimeitoa.

Binti yako alikigeuza kisanduku, akaiona lehemu, akaijua ni yangu, maana aliyemfundisha kuing'arisha namna ile ni mimi. Akakaa sakafuni. Akasema, "Mjomba, ile kasoro niliitafuta tangu mwaka jana." Nikamjibu kwamba basi ashukuru, mimi nimeipata kwa asubuhi moja. Hapo ndipo alipoinuka kwenda kufungasha.

Nakuuliza wewe uliye na busara: tangu lini mgonjwa akapona, jamaa zake wakalia msiba? Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na sitaki kusema nani alimlea kabla hajaletwa kwangu.

7. Yule mpiga gita alikwenda kwenye onyesho lake na gita tupu. Nasikia watu walisikia kila noti. Sioni kosa liko wapi, lakini kwa kuwa mtaa mzima unanitazama kama niliyemkanyaga paka wa mtu, naliorodhesha kama lalamiko dhidi ya mtaa.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo kwa heshima zote.

Kwanza, kiitishwe kikao cha ukoo kitamke wazi kwamba kitu kizima ni bora kuliko kitu kibovu. Watu wapige kura kwa kunyoosha mikono. Shemeji asipige, kwa sababu redio yake inakoroma na amekataa mara zote nisiiguse, kwa hiyo ana maslahi. Pili, binti yako aandike kwa mkono wake kwamba nilimsaidia. Tatu, abaki huko, apewe kazi isiyo na umeme, kama kufuga kuku, ingawa nina wasiwasi atawafundisha kukwama katikati ya kuwika. Nne, ukoo utambue kwamba siku nikifunga macho karakana hii itakwenda kwa fundi cherehani. Chuma cha lehemu hajui kukishika, lakini walau uzi ukikatika anajua kwamba umekatika.

Uamuzi wangu nimeufikia nikiwa na akili timamu, na haubadiliki.

Nisalimie shemeji, wajukuu wote, jirani yako mwenye mbuzi, na yule shangazi ambaye hupenda kuambiwa kwamba amesalimiwa. Binti yako sijamsalimu. Kama akiuliza kama nimemsalimu, mwambie sijamsalimu, kisha unijulishe alifanya uso gani.

Wako mtiifu katika kutii ninayoyaweza,

Mdogo wako,
Fundi (yupo)

Nakala: Shemeji, asome akiwa ameketi.
Faili.

Baada ya kutia sahihi:

Fundi cherehani ndiye anayeipeleka barua hii posta, na kwa kuwa siku hizi anashona taratibu amechelewa, nimepata nafasi ya kuongeza jambo dogo.

Ile kapasita iliyochoka niliipata. Nilimwaga pipa lote la takataka sakafuni, nikapiga magoti, nikaichambua kama mchele. Nimeirudisha mahali pake. Nimeilegeza lehemu upande mmoja, nimempunguzia mwanasesere umeme, kila kitu kama nilivyokikuta. Nikazungusha kitufe cha tatu mpaka mwisho. Krrr ipo. Tii ipo. Halafu kimya. Yule mtu anayetaka kusema neno haji. Nimejaribu tangu Jumamosi, Dada. Nimelehemu na kulehemua, nimekipiga kofi, nimekipoza, nimekipasha moto. Mikono hii imetengeneza redio za mtaa mzima na kumbe haijui kuharibu hata kimoja. Mama anisamehe, lakini aliyesema kubomoa ni rahisi hakuwahi kukaa kwenye meza hii.

Mwenye miwani alipita tena jana. Aliuliza kama fundi yupo. Nikamjibu hayupo, amekwenda kumwangalia mama yake goti, anarudi. Usinifanye mwongo, Dada. Na barua hii usimsomee, hasa pale kwenye kuku. Mwambie tu mjomba amefika kwenye tii na hawezi kuvuka. Mwambie sikukisaidia kile kisanduku, nilikiharibu, tena vizuri. Kama anataka kibao cha mlangoni kibadilishwe, nimekishusha na rangi nimenunua, aje aandike mwenyewe. Nimemkumbuka mwanangu huyo kuliko ninavyojua kuandika kirasmi.

Kama gari la asubuhi litamchosha, basi apige simu kwanza. Humu ndani, ukiacha ile tii, hakuna kinacholia tangu Ijumaa. Kikilia chochote, napokea.