Daftari la Uvimbe wa Eustace

Siku mdomo wa Eustace ulipovimba kwa mara ya kwanza, aliyeogopa zaidi alikuwa mwenye mgahawa. Eustace alikuwa amemaliza sahani ya wali samaki kwa mzee Stanslaus, karibu na stendi ya Mpanda, akahisi mdomo wa juu unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Kabla hajauliza kitu, Stanslaus akamvuta nyuma ya pazia huku jasho likimtoka.

"Bwana mdogo, usipige kelele. Ule mchuzi ni wa juzi tu, si wa wiki iliyopita. Shika bahasha hii ukatibiwe."

Eustace akaitazama bahasha, akalitazama pazia. Mtu mwingine angekimbilia hospitali. Yeye aliona kazi. Alikwisha kuuza viwanja visivyokuwepo, na saa zilizotembea mpaka mteja akate kona. Lakini biashara ya kuvimba haikuhitaji hata mtaji. Mji mzima, aliwaza, hakuna mpishi asiye na sufuria moja ambayo hapendi iulizwe habari zake.

Hospitali alikwenda pia, maana hofu alikuwa nayo, ila hakupenda ionekane. Daktari akamwambia kwamba sababu haijulikani bado. Huenda ni mzio wa kitu fulani, huenda kinga ya mwili imekosea adui.

"Nunua daftari. Andika ulichokula, ulichomeza, palipovimba. Andika hata siku usizovimba. Usifiche kitu, hata cha aibu."

Basi Eustace, ambaye hata jina la baba yake alilibadilisha kulingana na mteja, akawa mkweli mbele ya daftari la kurasa arobaini na nane. Aliandika yote. Kisha akafanya uchunguzi wake mwenyewe na kutoa hukumu: mkosaji ni karanga. Tangu hapo akawa anaagiza kisamvu cha karanga, anakaa na chai yake, anavimba, analalamika, anaondoka na bahasha. Alivimba midomo, akavimba jicho, na mara moja sikio, ambalo halikumletea chochote kwa sababu hakuna aliyeligundua. Bahasha zote zilikaa kwenye begi dogo alilolivaa kifuani, pamoja na daftari.

Ndipo akaingia kwa Katarina, mtaa wa Shanwe. Mjane huyo alikuwa amefungua kibanda chake upya baada ya msiba. Mpole, wa maneno machache. Eustace akamhesabu kuwa ni tonge laini. Wateja walikuwa wachache, na meza ya pembeni alikaa mzee mmoja aliyewapa watu mgongo.

Baada ya kisamvu na chai tatu, mdomo ukaitika.

"Mama, umenilisha nini?" Eustace akapaza sauti. "Nauliza, umenilisha nini?"

Katarina hakushtuka. Sufuria zake alizisugua asubuhi, na alikuwa tayari kumwonyesha yeyote. Akamwinamia, akamtazama kama anayesoma barua yenye mwandiko anaoufahamu.

"Toa ulimi."

"Mimi nazungumzia fidia!"

"Toa ulimi, baba. Haya. Sema Sumbawanga."

"Huhawanga," akasema Eustace. Sauti ilikuwa ngeni. Haikuwa kwenye mpango.

"Mume wangu Martin alianza hivihivi. Mdomo, jicho, mdomo tena. Tulikuwa tunamcheka. Siku moja ikashuka kooni. Hii yako ni ya ngapi?"

"Ya hita."

"Ya sita," akarudia Katarina, akageuka, akajifunika uso kwa kanga.

Eustace alikuwa ameigiza vilio vingi maishani, kwa hiyo cha kweli alikijua. Akavua begi na kumsukumia, akionyesha daftari kwa kidole.

"Fabrice! Washa pikipiki, hospitali!" Katarina akamwita bodaboda aliyekuwa nje. Fabrice akaanza kupiga kiki pikipiki iliyokataa kuwaka, na Katarina akafungua daftari, akasoma kwa sauti, haraka, akitafuta kitu.

"Jumanne. Wali samaki kwa Stanslaus. Mdomo wa juu. Mwenyewe amekiri mchuzi ni wa juzi. Bahasha."

Mzee wa meza ya pembeni akageuka. Alikuwa Stanslaus, ambaye hakuwahi kula kwenye mgahawa wake mwenyewe.

"Bahasha yangu hiyo!" akafoka, ndipo akasikia alichokisema. Na wateja wengine nao walikisikia.

"Mzee, si nilikula kwako jana?" mmoja akauliza, ameshika tumbo.

Katarina hakucheka. Kidole chake kilikuwa kinatembea ukurasani. "Jumapili ulikula karanga kwa shangazi yako, hukuvimba. Na hapa tena. Lakini kila ulipovimba, umeandika umemeza kidonge cha maumivu ya jino. Leo umemeza?"

Eustace akaitikia kwa kichwa. Kila siku ya kazi alimeza, ili jino lisimharibie tabasamu.

Pikipiki ikawaka.

Alichomwa sindano, akalazwa, akaonywa asimeze tena vidonge vile wakati uchunguzi ukiendelea. Siku ya tatu akarudi Shanwe na uso wa kibinadamu na maneno matamu.

"Shemeji Katarina! Nimefuata kibegi changu."

"Hiki hapa." Kilikuwa chepesi. "Majina umeyaandika vizuri, tarehe pia. Kila bahasha imerudi kwa mwenyewe. Ya Stanslaus nimeinunulia sabuni na brashi ya sufuria, nimempelekea."

Eustace akakaa. "Niambie kweli. Martin naye ilikuwa ya sita?"

"Sijui. Ya Martin tuliandika siku nne tu, tukachoka." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Sita ulisema wewe."

"Na kile kilio?"

"Kilikuwa cha kweli. Ila hakikuwa chako."

Eustace akawekewa kisamvu cha karanga, akala taratibu, akijipapasa mdomo kila baada ya tonge. Hakuna kilichovimba. Kisha jino likaanza. Kwa mazoea mkono ukaingia kwenye mfuko wa ndani wa begi, ukatoka mtupu.

"Vidonge nimevitupa chooni," akasema Katarina. "Fabrice anapajua pa kung'oa jino. Waeleze mapema usichotakiwa kumeza. Kwanza sema Sumbawanga."

"Sumbawanga," akasema Eustace, safi kabisa.

Katarina akageuka haraka kuelekea jikoni, kanga usoni, na safari hii Eustace hakumdai kitu, wala hakuuliza kilio ni cha nani.