Austin Yangu na Harusi ya Bochaberi

Jumatatu, 7 Agosti 1972

Vita vimeanza. Bochaberi, mdogo wake mke wangu Drusilla, anaolewa Jumapili kwao Nyamira. Familia ina wakwe wawili wenye magari: mimi na Nyasani. Mama mkwe, Mama Tryphosa, ndiye atakayeamua bibi harusi apande gari la nani. Atakayechaguliwa ndiye mkwe hasa. Mwingine atapakia masufuria.

Nyasani! Amemwoa Marion, dada mkubwa. Mwalimu wa jiografia. Ana Volkswagen, gari linaloficha injini matakoni. Mtu anayependa gari la namna hiyo, ujue ana mengine anayoficha. Mimi nina Austin ya kijivu ya mwaka 1957, yenye heshima zake. Kasoro ni moja tu: ikipanda mlima, nyuma inalia kama ndama aliyenyimwa maziwa. Najua sababu. Ni oili ya difu, lile boga la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalozungusha magurudumu. Oili imezeeka. Nitaibadilisha mwenyewe, hapa hapa nyumbani Kiogoro. Mafundi wa mjini? Wachafu, tena wana maswali mengi. Mimi ni karani wa chama cha kahawa. Kumwaga na kujaza hakuwezi kunishinda.

Jumatano, 9 Agosti

Oili ninayo, nzito, ya kifahari. Jeki nimeiazima kwa jirani, Ondieki, aliyetaka kujua nilijifunzia wapi kazi hiyo. Wivu.

Jioni Marion alipita kumwona dada yake, akaleta salamu za mumewe. Nyasani anasema difu ina nati mbili, ya juu ya kujazia na ya chini ya kumwagia. Anasema nianze na ya juu, nihakikishe inafunguka, ndipo niguse ya chini. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu anataka kumwaga, unamwambia afungue juu! Ndiyo jiografia yao hiyo. Nilimwambia Marion ampelekee shukrani zangu, naye ashughulike na mito na maziwa yake. Sasa hata ningependa kuanza juu, siwezi. Nitaanza chini, tena kwa makusudi.

Ijumaa, 11 Agosti

Niliomba ruhusa ofisini, nikavaa kaptura ya zamani, ile iliyopasuka, nikajilaza chini ya gari. Nati ya chini ilifunguka kwa upole. Oili ikashuka ndani ya karai la Drusilla, nyeusi tii. Ushindi! Nyasani na ajifunze.

Kisha nati ya juu. Haikusogea. Nikavuta. Nikapiga nyundo. Nikaimwagia mafuta ya taa. Nikaikemea kwa jina la Bwana. Spana ikateleza, kona zote za nati zikalika, sasa imekuwa duara kama kifungo cha koti. Difu tupu, na hakuna pa kuingizia oili! Nilijisikia mjinga, nakiri. Kwa muda mfupi.

Mara nikasikia sauti uani. Mama mkwe! Bila taarifa, kutoka Nyamira, amekuja kukagua gari. Nami mapaja yako nje! Kwetu mkwe na mama mkwe wana ensoni, ile haya ya kuheshimiana. Hata mkono hatupeani, sembuse aone kaptura ile. Nikavuta miguu chini ya gari. Drusilla akasema upesi kwamba huyo ni fundi, mume wake yuko kazini.

Mama alikataa kuingia ndani, kama ilivyo ada. Akaomba kigoda, akaketi kando ya gurudumu. Akaketi kabisa! Akamwambia binti yake anamshukuru Mungu kwamba nimemwita mtu wa kazi, maana mimi hata banda la kuku lilinishinda, na mdomo wangu hufika sokoni kabla ya miguu. Tone la oili likaniingia jichoni. Nikagonga nati. Akasema fundi huyu ni mtu wa maana, anafanya kazi na wala hapayuki. Halafu akatoa hukumu. Volkswagen ni ndogo, gauni litakunjika. Bochaberi atapanda Austin, maadamu fundi huyu ameishika.

Nimechaguliwa! Nilitokwa na machozi huko chini, ingawa labda ni ile oili.

Alipoondoka jua lilikuwa linashuka, na kwetu Wasabato jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia, spana haiguswi. Oili ukiitia kwa tundu la chini, inarudi usoni. Nimejaribu. Fikiri, mwanamume! Nikaona ndizi mbivu jikoni. Oili humwagika. Ndizi hazimwagiki. Na utelezi zinao, kila aliyekanyaga ganda anajua. Nikaziponda, nikazisukuma kwa kidole kupitia tundu la chini mpaka difu ikashiba, nikafunga nati. Drusilla ameniomba nisimwambie mtu zilitoka jikoni kwake. Mwanamke huyu haoni mbali.

Jumamosi, 12 Agosti

Sabato. Nilikwenda kanisani kwa miguu ili Austin ipumzike. Waumini walidhani ni unyenyekevu. Nyasani alikuja kusali kwetu, kupeleleza bila shaka. Akauliza kama nati ya juu ilinisumbua. Nikamjibu kwamba nati ya juu iko salama mahali pake. Sikusema uongo siku ya Bwana.

Jumapili, 13 Agosti

Usiku.

Mpaka Nyamira difu ilikuwa kimya! Hata kulia kidogo, hapana. Nilijua nimevumbua kitu. Tulipofika kwa wakwe, vigelegele, maua juu ya boneti, Bochaberi nyuma pamoja na mdogo wao Mokeira, gauni limejaa mpaka madirishani. Nyasani alikuwa anapakia masufuria. Nilimpigia honi ndefu.

Mlima wa kwenda kanisani. Harufu tamu. Mokeira akauliza nani anakaanga ndizi. Nikasema ni watu wa nyumba zile. Nyumba zikaisha, harufu ikabaki. Kisha moshi. Kisha kraak! Magurudumu ya nyuma yakakataa katakata, katikati ya mlima, msafara wote wa harusi nyuma yetu.

Bochaberi alishuka kwenye tope na viatu vyake vyeupe, analia. Hilo liliniuma, siandiki kwa mzaha. Nyasani alishusha masufuria kando ya barabara, akatandika shuka kitini, akamchukua. Bila neno! Angenitukana ningepona.

Mama mkwe akafika kwa miguu pamoja na kwaya. Macho chini, asinitazame, akamuuliza Drusilla yule fundi hodari yuko wapi, aitwe upesi. Drusilla alikuwa amechoka na uongo. Akaninyooshea kidole. Halafu mwanamke mmoja wa kwaya akacheka, kisha wote, hata mchungaji aligeuka akajifanya anakohoa. Mama hakucheka. Alijifunika uso kwa leso na kupanda mlima. Niliyabeba masufuria mimi.

Jumatano, 16 Agosti

Austin bado iko mlimani. Nimechunguza, nikapata kosa: zile ndizi zilikuwa mbivu mno.

Leo habari njema. Mokeira naye ataolewa Desemba, na Mama ametuma ujumbe kwa Drusilla. Gari litakuwa la Nyasani. Obwocha, yaani mimi, nije kwa miguu. Drusilla alinieleza kwa sauti ya msibani, masikini, hajaelewa. Mgeni wa heshima husindikizwa kwa miguu mbele ya kwaya, watu wote wakimwona! Dereva hukaa ndani ya kibati akitoa jasho. Nyasani ameshindwa na bado hajui.

Nitahitaji viatu vya kutembelea kwa fahari. Vya ofisini, sina vingine, soli zimelegea kidogo. Fundi wa viatu wa nini? Nimeshang'oa soli zote mbili. Gundi nitaitafuta kesho.